Mkanda Namba Saba

Ilomba, Mbeya
Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Subilaga,

Umekwenda saluni pale Soweto, sokoni, kusukwa, na nywele zako hazisukwi chini ya saa nne. Nimepanga kuzitumia saa hizo. Nimefunga mlango wa uani, nimekaa kwenye meza ya chakula, na ninaandika kama ninavyoandika dayari yangu: siku kwanza, halafu saa, halafu jambo lenyewe.

Mambo ya safari sitayaandika. Sweta unazo, namba za simu unazo, na Japani kuna baridi, hilo umeshaambiwa na kila mtu aliyepita hapa wiki hii. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya baba yako, na imechelewa miaka kumi na saba. Nilichokwambia kuhusu kifo chake si kweli. Nalitaja hilo mapema ili usisome huku unasubiri.

Wewe ndiye uliyenifikisha hapa, bila kujua. Ilikuwa mwezi wa nne, Jumamosi jioni. Nilikuwa namenya viazi jikoni, ukavuta kigoda, ukaniwekea simu mbele ya uso.

"Angalia, Mama. Hivi ndivyo vitu nitakavyovifanyia kazi."

Niliona trei ya bati yenye vipande vidogo vya mraba, kila kimoja na namba yake. Ulisema ni plastiki, vitambaa, rangi na gundi, vitu vya kutengenezea satelaiti. Vinafungwa nje ya kituo cha angani kinachoizunguka dunia, vinaachwa huko mwaka au zaidi, halafu vinarudishwa maabara kuangaliwa vimeharibika kiasi gani. Ukanionyesha kipande kimoja kabla na baada. Kabla kilikuwa laini, kinang'aa. Baada kilikuwa kimefifia na kimekwaruzika, kama mtu amekisugua kwa msasa.

"Nani amekila?" nikauliza.

"Oksijeni."

"Hii tunayovuta?"

"Hii hii. Ila kule juu jua linaipasua, kila chembe inabaki peke yake. Sasa chombo kinakwenda mbio, kinazigonga hizo chembe, nazo zinakila kidogo kidogo."

"Si wakipake rangi."

"Rangi nayo inaliwa."

"Basi wakioshe."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Mama na sabuni yako. Nani apande huko na ndoo?"

Na mimi nilicheka. Kisha ukaendelea, kwa sababu ukianza jambo huwa huachi katikati. Ukasema chombo kinaizunguka dunia kwa saa moja na nusu hivi, kinatoka juani kinaingia gizani, kinatoka gizani kinaingia juani, kwa hiyo kinachemka na kuganda mara nyingi kwa siku moja mpaka rangi inapasuka. Ukasema kwa kuwa hakuna hewa, mafuta yaliyomo ndani ya gundi yanavuja, yanakwenda kutua kwenye vioo vya kamera. Ukasema miale ya jua ambayo huku chini hewa inatuchujia, kule inapiga moja kwa moja, na inakata nyuzi zilizomo ndani ya plastiki. Halafu ukasema maneno ambayo usiku ule niliyaandika kwenye dayari kama ulivyoyasema: "Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Unakitazama ni kizima, rangi imefifia tu. Ukikivuta kinakatika."

Nikashusha kisu.

"Mbona umenyamaza?"

"Viazi vinaungua," nikasema.

Viazi vilikuwa bado mapajani mwangu, sijamaliza kumenya. Uliviona ukaniangalia, lakini hukuuliza. Ulisema tu kwamba hata hapa kwetu kamba za nailoni za kuanikia nguo hukatika, maana tuko juu, hewa ni nyembamba, na jua la Mbeya ni kali hata siku ya baridi.

Nilijua tangu jioni ile kwamba utafika mwenyewe. Siku moja, huko maabara, utakivuta kitambaa kilichopigwa na jua, utasoma namba kwenye mashine, na utakumbuka kwamba mama yako alikuwa mtunza stoo. Sitaki ujue kwa njia hiyo.

Kazi yangu ya stoo unaikumbuka kidogo, ulikuwa unakuja pale baada ya shule ya awali. Kampuni yetu ilikuwa inakarabati minara ya simu. Baba yako alikuwa fundi wa kupanda, na mwenzake wa kupanda alikuwa Ambakisye, yule baba anayekuletea ndizi kila Krismasi na kusimama getini bila kuingia. Mimi nilitunza vifaa. Nilikuwa na mikanda ya usalama kumi na miwili, kila mmoja na namba. Fundi anauvaa kiunoni na mapajani. Mbele unapachikwa mshipi mfupi wenye kulabu. Akifika juu anapachika kulabu kwenye chuma cha mnara, na akiteleza, mshipi ule mfupi ndio unaomshika.

Stoo ilikuwa chumba cha tofali kisicho na dirisha. Wakati wa mvua mikanda ilirudi imelowa na ina tope, na baada ya siku mbili inaota ukungu na kunuka. Mimi sivumilii kitu kinachonuka, unanijua. Hakuna aliyenituma. Nilianza kuifua pamoja na mishipi yake kwa sabuni ya unga, nikafunga waya kati ya paa la stoo na nguzo ya uzio, nikaianika pale penye jua kutwa. Wiki ambazo hapakuwa na kazi ya kupanda niliuacha waya ukiwa umejaa, Jumatatu mpaka Jumamosi, ili ukungu usirudi. Wakubwa walikuja kukagua kutoka Dar, wakasema stoo ya Mbeya ni ya mfano. Niliandika hilo kwenye dayari na nikapigia mstari chini yake.

Mkanda wa baba yako ulikuwa namba saba. Ule niliufua kuliko yote, kwa kuwa ulikuwa wake.

Ambakisye alikuwa na namba tano na hakutaka niuguse.

"Shemeji, niachie uchafu wangu. Huu mkanda unanijua."

"Unanuka, Ambakisye."

"Nikiwa juu nani ananusa? Kunguru?"

Baba yako akamtania, "Shida yako huna mke stoo. Tazama wangu. Huu naweza kuvaa kanisani."

"Vaa basi Jumapili, mchungaji akupandishe kwenye kengele."

Walikuwa hivyo kila asubuhi. Mikanda ile ilikuja na rangi ya chungwa iliyoiva. Baada ya miaka mitatu namba saba ilikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi. Niliona ni kutakata. Nimefungua dayari ya mwaka ule sasa hivi, iko hapa mbele yangu. Wiki baada ya wiki imeandikwa kitu kimoja: "Nimefua mikanda. Namba 7 imetakata sana." Hakuna mahali nilipoandika ilikaa juani saa ngapi. Nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na hilo sikuona kama ni kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika. Saa moja nilimkabidhi baba yako mkanda juu ya meza ya stoo, akasaini, akasema akirudi mapema tutakupeleka kutafuta viatu vya shule kwa sababu vidole vyako vilikuwa vimeanza kutokeza. Saa tano Ambakisye alirudi na gari peke yake.

"Shemeji, kaa."

"Nimekaa."

Nilikuwa nimesimama. Akaniacha hivyo hivyo, akaniambia. Mguu wa baba yako uliteleza kwenye chuma kilicholowa. Alikuwa amepachika kulabu, Ambakisye alimwona akipachika, na alisikia ule mlio wake wa kufunga. Alishuka mpaka mshipi ukanyooka, ukamshika kidogo, halafu ukakatika.

"Kama uzi, shemeji. Sijawahi kuona."

Akatoa kitu ndani ya koti lake. Ilikuwa kulabu, na imeshikilia kipande cha mshipi cha urefu wa kiganja. Aliichomoa kwenye mnara wakati anashuka. Nilikishika kile kipande. Palipokatika nyuzi zilikuwa fupi fupi kama ufagio uliochakaa, na ziliniachia vumbi jeupe vidoleni. Nilitoka nje, nikachukua mshipi wa namba mbili uliokuwa kwenye waya, nikaukanyaga na kuuvuta kwa mikono miwili. Ukapasuka. Kisha tukachukua ule wa namba tano, wenye tope na harufu yake. Tulivuta mimi na yeye, kila mtu upande wake. Haukufanya kitu.

Ambakisye ndiye aliyesema.

"Wakubwa watakuja kesho. Hii kulabu nimpe nani?"

"Nipe."

"Una mtoto wa miaka saba. Wakikuweka ndani, nani atamlea? Mwenzangu harudi kwa sisi kusema."

Hakunilazimisha. Nakuandikia hivyo ili usimwekee lawama yeye. Niliiweka kulabu kwenye mkoba wangu.

Alasiri hospitali walinirudishia mkanda wake ndani ya mfuko, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtunza vifaa. Mbele yake kulikuwa na mabaki ya ule mshipi. Niliyafungua, nikapachika mshipi mpya kutoka kwenye boksi, na kulabu yake. Nilihakikisha umekaa sawa. Kesho yake wakubwa waliukagua. Mshipi mzima, kulabu nzima, na juu ya mnara hakuna kitu. Wakaandika kwamba fundi hakujifunga. Waliniuliza kama mkanda ulikuwa mzima nilipoutoa asubuhi ile. Nikasema ndiyo, nikasaini. Mikanda mingine niliyoifua niliandika imeliwa na panya, wakaleta mipya, na ile mipya haikuona jua mpaka nilipoacha kazi.

Dayari ya Alhamisi ile inasema: "Mvua asubuhi. Baba Subi amefariki saa nne. Nimefunga stoo saa kumi na moja. Nimekula nusu andazi."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilijisikiaje, na sipati kitu. Tulimzika kwao Ipogolo, Iringa. Pale msibani nilihesabu viti, nikahesabu masufuria, nikajua ni yapi ya kuazima na ni ya nani. Watu walisema ninajikaza. Sikuwa najikaza, hapakuwa na kitu cha kukaza. Nimekaa hivyo karibu muda wote ulipokuwa unakua mbele yangu. Umewahi kuniambia kwamba mimi ni kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Ulikuwa na miaka kumi na tano na ulikuwa na hasira. Niliandika, kwa sababu ni kweli.

Lakini si hilo ninalolihesabu. Ninalolihesabu ni kwamba uongo ule niliutumia kukulea. Ulipopanda ukuta, ulipokimbia barabarani, ulipoacha moto jikoni, nilikwambia, "Usiwe kama baba yako. Angalia unachofanya." Ilikuwa rahisi, na ilifanya kazi. Ukawa mtoto wa kukagua kitu mara tatu. Walimu wakakusifu. Huko unakokwenda wamekuchukua kwa sababu hiyo hiyo, uliniambia mwenyewe: waliipenda namna unavyoandika vipimo vyako.

Unakumbuka likizo ile ya Ipogolo, ulipokuwa na miaka kumi na miwili? Bibi yako alikuwa anachambua vitunguu barazani, wewe ukapanda ngazi kuchukua magunia darini.

"Shuka taratibu, mjukuu wangu," akasema.

Ukamjibu ukiwa juu kabisa, "Mimi niko makini, Bibi. Baba ndiye alikufa kwa uzembe wake."

Bibi akaweka kitunguu chini. "Nani kakuambia?"

Wewe ukaniangalia mimi. Naye akaniangalia. Nilikuwa na nafasi pale, mwanangu, wote wawili mnasubiri mdomo wangu tu.

"Wataalamu ndio waliosema, Mama," nikamwambia.

"Mwanangu alikuwa anafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni," akasema. "Tangu anaanza kuvaa shati. Nilikuwa namwambia, utajinyonga wewe." Akachukua kitunguu kingine, akakimenya ganda la juu, akakitazama. "Haya. Kama wataalamu wamesema."

Tangu siku ile hajalitaja jina lake mbele yangu. Tukifika ananisalimia kamwene kwa Kihehe chao, ananipa kiti, ananipa ugali, ananiuliza habari za Mbeya. Jina halitaji. Kwenye dayari niliandika: "Vitunguu magunia manne. Subi ameteguka kidole."

Nimewaza sana nikuambie nini nilichojifunza, maana mtu akiandika barua kama hii anatakiwa awe na kitu. Sina kingi. Kwa miaka mingi nilidhani siwezi kujisamehe kwa kufua. Sasa nikikaa nikafikiri, suala la kufua naweza kulitazama. Sikujua, na nilikuwa na nia njema, na yeye alikuwa anafurahi kuvaa kitu kisafi. Ninachoshindwa kukitazama ni dakika zile tano nilipopachika mshipi mpya. Nilijua ninachofanya. Na kingine: nilidhani hofu yangu ilikuwa ya kufungwa na kukuacha. Ilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, labda wa pili. Baadaye ulikuwa mkubwa, kampuni imefungwa, hakuna aliyekuwa ananitafuta, na bado sikusema. Kufikia hapo nilikuwa naogopa uso wako tu. Ningeweza kusema wakati wowote kati ya siku kama elfu sita. Nimezipitia kwenye madaftari. Nyingi zilikuwa siku za kawaida, zenye nafasi.

Uliniambia kwamba katika kila jaribio mnabakiza kipande kimoja hapa chini, kwenye droo yenye giza, ili kile kilichokwenda juu kiwe na cha kulinganishwa nacho. Sikukuambia siku ile, lakini mimi nina droo kama hiyo. Ndani ya kopo la maziwa, chini ya sanduku langu, kuna kipande kile alichokileta Ambakisye. Na kuna mshipi wa namba tano, ambao alinipa siku alipoacha kupanda. Vyote viwili vilinunuliwa siku moja, kutoka boksi moja. Sikuviweka kwenye begi lako, kwa sababu begi ni lako. Ukitaka kuvichukua, chukua. Kama mashine zenu zinaweza kuvipima, pima. Ukitaka viende kwa mtu wa sheria badala ya maabara, hiyo pia ni sawa, na nitasaini ninachotakiwa kusaini. Lakini hili nataka ulijue bila mashine: baba yako alipachika kulabu yake. Alifanya kila alichofundishwa kufanya. Makini yako hukuipata kwa kumkwepa yeye. Umeirithi kwake.

Jana nilimpigia Ambakisye nikamwambia nitakuandikia.

"Na mama yake kule Ipogolo?" akauliza.

"Alhamisi nakwenda."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hapana, shemeji. Nipitie hapa. Mimi ndiye niliyemsikia akifunga kulabu. Bibi atataka kulisikia hilo kutoka kwangu."

Kwa hiyo Alhamisi tutakwenda wawili. Sijui bibi yako atafanya nini. Ana miaka mingi, na inawezekana nimechelewa hata kwake, maana siku hizi mambo mengine yanampita. Nitamwambia polepole, na nikimaliza nitamwambia tena.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Nilikuwa na mpango mwingine, nikuambie na huo. Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya kitabu chako, uikute ukiwa angani, mimi nikiwa huku nafagia uwanja. Niliupanga hivyo wiki nzima. Leo asubuhi kanisani nikaona kwamba ni mshipi mpya mwingine huo ninaoupachika.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Ndege yako ni kesho saa tano asubuhi. Saa kumi na mbili nitakuamsha, nitakuwekea chai, na nitaiweka barua karibu na kikombe. Nitakaa upande wa pili wa meza mpaka umalize. Sitasimama kwenda kuangalia jiko. Ukiniuliza kitu nitajibu, na ukinyamaza nitakaa na kunyamaza kwako. Nimempigia mama yako mdogo, Tumpe, nikamwomba aje na gari saa mbili. Nimemwambia inawezekana akakupeleka uwanja wa ndege wa Songwe yeye, mimi nikabaki nyumbani. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina nguvu za kwenda, na nguo nimeshapiga pasi, lakini nani atakaa nawe garini utasema wewe.

Mama yako.